Suruali Mbili za Fundi Saulo

Kijiwe cha Kihesa kilikuwa na benchi moja, birika moja na wasemaji wa kutosha kujaza mkutano wa wilaya. Benchi lenyewe lilikaa mbele ya kibaraza cha Fundi Saulo, mshona nguo, Mnyakyusa aliyeletwa Iringa na kazi akasahau kurudi kwao Rungwe. Asubuhi ile ya Jumatatu, mwezi wa saba mwaka sabini na sita, baridi ilikuwa kali hata wazee wakawa wanakumbatia vikombe vya kahawa kabla ya kuvinywa. Wote walikuwepo: Joachim mwembamba, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi, Kalinga, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyeitwa Hakimu na akalipenda jina, na Limbu, mfuga ng'ombe wa Usangu, pande la mtu lenye koti refu, ambaye kila akileta mifugo mjini alikaa kijiweni wiki nzima. Fundi Saulo naye alikuwepo, lakini cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka. Siku ya kazi! Jambo hilo halikuwahi kuonekana.

Sababu ilikuwa maneno ya utingo mmoja. Alfajiri lori lake lilisimama hapo likitoka Mbeya, ambako Jumapili ilimalizika michezo ya mikoa ya Nyanda za Juu: riadha, mpira wa pete, kuvuta kamba, na kwa mara ya kwanza taekwondo, ule mchezo wa mateke. Utingo alimeza kahawa kikombe kimoja, akasema suruali ya msichana mmoja wa taekwondo imepasuka mbele ya uwanja mzima, na kwamba Iringa wamekosa ushindi kwa pointi moja. Kisha akarukia lori, likaenda zake. Hakusema suruali ya nani.

Na msichana wa taekwondo wa Iringa alikuwa mwalimu Damari, mke wa mtoto wa Fundi Saulo. Suruali aliishona Saulo mwenyewe.

— Mimi nasema ni hujuma, — Redio alianza. — Waamuzi walikuwa wa Mbeya. Wameona binti wa Iringa anakuja juu, wakamshika suruali.

— Mwamuzi amshike mwanamke suruali? — Kalinga alimtazama juu ya miwani. — Kwa kifungu gani?

— Kwa vidole, Hakimu. Kifungu cha nini tena!

— Tulieni, — Kalinga aliweka kikombe chini kama anayefungua kesi. — Suruali ikipasuka, hiyo ni kielelezo. Inatakiwa ifungwe kwenye bahasha, ipigwe muhuri, iletwe hapa. Tuone mshono umepasukia wapi. Mpaka hapo, fundi ni mtuhumiwa tu, hajatiwa hatiani.

— Ahsante sana, — alisema Saulo kwa sauti ya chini. — Umenifariji kweli.

Wakacheka. Yeye hakucheka. Kwao Rungwe, mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akimwona kwa mbali, mkwe anakata njia. Baba mkwe naye anageukia ukutani, anakohoa, anampa nafasi apite. Miaka minne Damari alikuwa ameolewa, na Saulo hakuwa amesikia sauti yake hata mara moja. Sasa fikiria: mtu unayemheshimu kiasi hicho, asitirike kwa nguo ya mikono yako, halafu nguo ile ile imwanike mbele ya mikoa minne. Saulo aliona afadhali angepasuka yeye.

Kosa lake alilijua. Mwalimu wa michezo alipoagiza sare nyeupe za amerikani, Saulo hakuweza kumpima mkwewe. Mkewe alijitolea kushika futi kamba, Saulo akakataa hata hilo, maana kuambiwa tu namba ya kiuno cha mkwe na kuiandika daftarini ni kama kumtazama. Akauliza jambo moja: "Yukoje?" Mkewe akajibu, "Mrefu kama Limbu, mwembamba kama Redio." Basi Saulo akashona suruali mbili, moja kwa kipimo cha Limbu, kiuno cha kukaza kwa kamba, na nyingine kwa kipimo cha Redio, akatumaini moja itakubali.

Na kwa kuwa ni suruali za mateke, ilibidi zipimwe kwa mateke. Jioni moja Limbu alivishwa ile ya kipimo chake, akapandishwa juu ya benchi hili hili, akaambiwa ainue mguu usawa wa kichwa. Aliinua. Birika la Kasian muuza kahawa liliruka hadi mtaroni. Limbu akawaapisha wote: habari hii isitoke hapa, mtu mwenye ng'ombe mia mbili asije akasikika Usangu kwamba alirusha mateke Kihesa.

— Mimi naona ni uzi, — Redio alirudi hewani. — Uzi umezoea baridi ya Iringa. Ukaenda Mbeya, ukakuta baridi ya aina nyingine. Ukashtuka.

— Uzi unashtuka? — Kalinga aliuliza.

— Wewe hujawahi kushtuka ugenini?

— Nilipiga mshono mara mbili, — Saulo alisema, zaidi kwa nafsi yake. — Pale miguu inapoachana nikaweka na kiraka kwa ndani. Mara mbili, jamani.

— Fundi, — Limbu alisema taratibu, na yeye akizungumza benchi husikiliza, kwa sababu ya uzito. — Usijilaumu. Mimi nimekaa na ndama maisha yangu yote, teke nalijua. Kuna teke la mguu na kuna teke la upepo. Ndama mwenye hasira anakosa ndoo, lakini ndoo inaanguka. Umeona? Huyo binti wa upande wa pili alipiga hewa. Hewa ikapasuka, suruali ya Damari ikafuata.

— Hewa ikapasuka! — Redio alipiga goti lake. — Haya, hiyo imenishinda hata mimi.

— Umewahi kuzidiwa uongo kijiweni hapa? — Kasian aliuliza, akimimina. — Leo tuandike tarehe.

— Si uongo. Ulizeni Usangu nzima.

— Usangu nzima ni ng'ombe zako, zitasema nini?

Kalinga akainua kidole. — Ngojeni. Kama hewa ndiyo imepasua, basi fundi hana hatia. Lakini kama suruali iliyopasuka ni ile ya kipimo cha Redio, fundi ana hatia nusu, na nusu ni ya Redio.

— Mimi nimefanya nini?

— Umekuwa mwembamba. Mtu mzima, una watoto sita, unakubali vipi kupimiwa mwanamke?

— Nilipimiwa kwa hiari! Na nilikaa kimya!

— Ndiyo hapo tulipojua una homa, — alisema Kasian.

Hata Saulo alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamponyoka. Alikuwa anapiga hesabu ya basi la kurudisha timu. Basi la kutoka Mbeya likishapita Nyololo halichelewi sana, na saa nne ilikuwa imefika. Alitaka lifike, na aliogopa lifike. Akawaza atamwambia nini mwanawe aliye kazini mbali. Akawaza kama Damari atakubali tena kuvaa kitu kilichopita chini ya sindano yake, hata leso.

Wakati huo msichana mmoja alikuja akipandisha kutoka njia ya stendi, begi begani, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa Tekla, mrusha tufe wa timu ya Iringa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kaa, — Kalinga alimwonyesha kiti cha wateja. — Utatoa ushahidi.

— Ushahidi wa nini?

— Wa suruali, — walisema watatu kwa mpigo.

Tekla akawatazama mmoja mmoja, akaanza kucheka. — Kumbe imeshafika hadi huku! Ilipasuka bwana, fainali, dakika ya kwanza tu. Yule binti wa Rukwa aliinua mguu, tukasikia *chraa*, uwanja mzima ukapiga kelele.

Saulo alisimama. — Wa wapi?

— Wa Rukwa, mzee. Kabinti fulani kembamba. Kakakaa chini, kakafunika uso, kanalia. Mwamuzi akasema kama hana nguo nyingine ametoka, ushindi ni wa Damari. Damari akakataa. Akachukua kitenge akamfunika, akamwambia mwamuzi asubiri. Kwenye begi alikuwa na suruali ya pili, ile nyembamba. Akampa. Ikamkaa yule binti kama alizaliwa nayo.

— Yangu hiyo, — Redio alinong'ona, mkono kifuani. — Hiyo ni mimi kabisa.

— Wakapigana upya, mpaka mwisho. Hizo suruali mbili, mzee, miguu ilikuwa inapita juu ya vichwa, hakuna uzi uliolegea. Damari akapoteza kwa pointi moja. Ana medali ya pili, anafurahi utadhani ya kwanza.

Fundi Saulo alikaa tena. Aliona macho yanamchoma, akajidai anatafuta chaki mfukoni.

— Kwa hiyo, — alisema Kalinga polepole, — fainali yote imepiganwa ndani ya nguo za fundi mmoja. Mshitakiwa yuko huru.

— Ila kuna kitu, — Tekla alisema. — Damari amenituma. Yupo pale.

Akaonyesha ng'ambo ya barabara. Kwenye kona ya duka lililofungwa alisimama mwanamke mrefu, amejitanda khanga hadi kichwani, mgongo umeelekea kijiweni. Saulo akageuka papo hapo, akatazama ukuta wa kibaraza, akakohoa. Wakawa wamepeana migongo, barabara katikati.

— Anasema ahsante sana, kwa Kinyakyusa ndaga fijo. Na anauliza: ile suruali aliyoivaa imemkaa sawasawa, urefu, nafasi ya mateke, kila kitu, na hakuna aliyempima. Baba mkwe alipata wapi kipimo?

Redio, ambaye hazimwi, alizimika. Kalinga akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya koti. Kasian akatikisa birika, likatoa sauti ya ukavu, kahawa imekwisha. Wote walikuwa wameapa. Wote walijikuta wanamtazama Limbu.

Miaka minne, Saulo aliwaza, uso ukutani. Huo ulikuwa ujumbe wa kwanza mkwe wake kumtumia, na ndani yake mna swali, na hana jibu la kutoa bila kumvunjia rafiki heshima.

— Mwambie, — alianza. — Mwambie ni... mwambie tu...

Nyuma yake benchi likalia. Limbu alikuwa ameinuka. Mzee wa ng'ombe mia mbili akapandisha mguu mmoja juu ya benchi, kisha wa pili, akakusanya koti lake refu mkono wa kushoto, akamtazama Tekla kwa heshima zote, akarusha teke usawa wa kichwa.

Tekla alishika mbavu. Kisha akatimua mbio kuvuka barabara, akamwinamia Damari sikioni.

Saulo alisubiri, amebana pumzi. Kutoka ng'ambo kikaja kicheko, kwanza kidogo, cha mtu anayejizuia kwa adabu, halafu kikamshinda mwenyewe, kikafunguka, kikubwa, cha tumbo zima, kikajaza mtaa.

Kumbe ndivyo anavyocheka.

Fundi Saulo hakugeuka. Alipapasa pembeni yake, akavuta shuka kutoka kwenye cherehani, akakaa, akaanza kukanyaga kwa kasi. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa, na benchi zima liliona, na hakuna aliyemwambia.