Mbaraka bin Uledi, Mshika Mwavuli wa Bwana Lindau

Ndugu yetu Mbaraka bin Uledi anaacha kazi tarehe 30 Juni 1913, baada ya miaka kumi na miwili katika nyumba ya Bwana Lindau hapa Rumonge. Kazi yake ilikuwa kushika mwavuli. Wageni wakisikia hivyo hucheka, kisha huuliza kazi yake hasa ni ipi. Ndiyo hiyo. Mimi Asmani, mpishi wa nyumba hiyohiyo, nimeombwa na wenzangu niieleze, kwa kuwa yote niliyaona kutoka mlangoni pa jiko.

Bwana Lindau aliletwa kuchora samaki wa ziwa kwa ajili ya wakubwa wa kwao. Aliwachora msimu mmoja, akawachoka. Akaanza kumchora mkewe, Bibi Tekla, na binti yao Greta, tena nje, juani: wanakunywa chai kwenye michikichi, wanaokota kokoto ufukweni, wamelala mkekani. Alitaka kuuwahi mwanga kabla haujageuka. Lakini jua likipiga turubai lake la kuchorea macho yalimuuma, na kila mwavuli aliouchimbia mchangani ulichukuliwa na upepo. Ndipo akaajiriwa Mbaraka, mwenye mabega ya mpagazi na subira ya kutosha watu wawili.

Picha zenyewe ukizikaribia ni madoa matupu. Esha, mke wa Mbaraka, alipoona ya kwanza aliuliza ni nani aliyemwaga mchuzi. Mbaraka akamshika mkono, akamrudisha nyuma polepole mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Esha akakaza macho, akasema, "Kumbe iko mutoto anakimbia."

Tangu hapo Mbaraka alijipa kazi ya pili, kuwarudisha watazamaji nyuma. Mgeni mmoja mkubwa kutoka Usumbura alirudishwa mpaka akaketi juu ya ndagala za watu, vidagaa vilivyoanikwa juani. Hakuisifu picha.

Jambo la mtumbwi haliwezi kuachwa. Kiangazi cha mwaka juzi Bwana alitaka kuichora familia yake majini. Akawaketisha Bibi na Greta ndani ya mtumbwi uliofungwa kwa kamba karibu na ufuko. Fundo likafunguka, mtumbwi ukaanza kwenda zake, na makasia yamebaki mchangani. Bibi akapunga mikono. Bwana akafurahi, akaongeza rangi ya mikono. Mbaraka aliutupa mwavuli, akajitosa, akaogelea, akaishika kamba na kuwavuta mpaka nchi kavu. Bibi alipita mbele ya turubai bila kulitazama, akajifungia chumbani.

Kesho yake Bwana alitoka na rangi zake kama kawaida, akamwita Mbaraka. Mbaraka akaja, mwavuli umefungwa.

"Fungua," Bwana akasema.

"Sifungui, Bwana. Jana mama na mutoto walikuwa wanalia. Wewe uliona rangi tu. Nenda kwanza umwambie mama pole."

Niliacha sufuria ikaungua. Maneno madogo kuliko hayo yamewafikisha watu bomani, na huko kwenye boma la serikali mtu huchapwa kiboko. Bwana aliiva uso mpaka masikioni. Akamtazama Mbaraka, akatazama ziwa, kisha akaweka brashi mchangani na kwenda ndani. Alikaa huko mchana kutwa.

Bibi alimsamehe mumewe, lakini kuchorwa akakataa katakata. Bwana akabaki kuchora mbuzi. Mbaraka aliwahurumia wote, mbuzi wakiwemo, akamleta Esha na watoto wao wakae wachorwe badala ya mbuzi. Esha hawezi kutulia. Kila akiambiwa asigeuke, aligeuka kuuliza kwa nini. Bibi Tekla alikuwa barazani akitazama. Akaanza kucheka, akashuka kumrekebishia Esha ushungi, na Esha akamvuta mkono.

"Kaa hapa, Mama Greta. Tuchoke wote."

Akakaa. Greta akaja mbio, akajipenyeza katikati ya watoto. Bwana aliendelea kuchora tu. Kisha Bibi akamwita Mbaraka naye akae, na mwavuli nikapewa mimi. Mkono uliniuma wiki nzima, na jioni hiyo hakuna aliyekula.

Picha hiyo Bwana amempa Mbaraka aende nayo Minago, kwenye nyumba yake na mihogo yake. Ukirudi nyuma vya kutosha utawaona wote, na Mbaraka kati yao amelala usingizi mzito. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuketi saa za kazi.

Ndugu Mbaraka, wenzako tunakushukuru kwa ucheshi wako, na kwa siku ile ulipokataa. Nenda ukapumzike na Esha katika afya na amani. Jua likikuchoma, sogea kivulini, na usimshikie mtu kitu chochote.