Pasi Iliyopasha Vichanga Joto

Fundi wetu wa mashine, tunayemwita Taratibu, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja hospitalini hapa. Wengi hawajui kuwa nusu ya mashine alizozifufua nilizitengeneza mimi, dobi wenu. Haya, si nusu. Si hata moja. Shule niliiacha pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi. Mchango wangu ni pasi.

Mtamkumbuka kwa vidole vyake vya kahawia, rangi ya dawa inayokula shaba. Mimi nitamkumbuka kwa wiki ile kitanda cha joto cha vichanga kilipoungua bodi, kile kibao chenye njia za umeme. Bodi za aina ile zilikuwa hazitengenezwi tena, na akina mama walishinda wamewakumbatia watoto njiti vifuani wasipoe. Taratibu akasema ataitengeneza mwenyewe, nyumbani, bafuni.

Kazi iko hivi. Kibao chenye shaba hubandikwa utando wa buluu unaoogopa mwanga, ukashikishwa kwa pasi. Juu yake unalazwa mchoro wa njia za umeme, kisha kinaanikwa juani kidogo. Palipopigwa jua utando unang'ang'ania. Palipofichwa unatoka kwa maji ya magadi, na shaba iliyobaki uchi inaliwa na dawa, zinabaki njia tu. Rahisi kuandika. Taratibu alipiga pasi kama anaua nyoka, utando ukajaa mapovu. Ndipo nikaitwa na pasi yangu ya nyumbani, nikamwonyesha kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole. Yaani Taratibu nilimfundisha utaratibu mimi.

Shemeji, mkewe, alifungiwa bafu lake siku mbili. Akawa anaoga kwa jirani, akitangaza kuwa ameolewa na popo, maana humo ndani iliwaka taa nyekundu tu.

Bodi ikatoka safi, ila kinyume. Mchoro aliulaza kifudifudi, njia zote zikageuka kama maandishi kwenye kioo. Shemeji akauliza kama sasa anaweza kuoga. Taratibu alichukua kile kidude cheusi chenye miguu mingi kinachoiongoza bodi, akaikunja yote upande wa pili ili ikutane na njia zilizogeuka, akakilehemu chali kama mende aliyepinduliwa. Jioni ile kitanda kikapata joto. Mende yuko chali mpaka leo, na kichanga wa kwanza kulala humo alikuja juzi kung'olewa jino, akaniangushia kapu zima la mashuka.

Ahsante, Taratibu. Upumzike, ule ushibe, uwe na afya, na bafuni shemeji aingie kwanza.

Halafu ile pasi hukuirudisha. Naiomba Ijumaa kabla ya sherehe. Dobi hawezi kukuaga na shati lililokunjamana.