Lewis Sitati na Uzi Uliokufa Kimya

Nimeambiwa historia ya marehemu inasomwa na mtu mwenye amesoma, ndio maana mjukuu wangu Natalie amesimama hapa na karatasi, lakini maneno ni yangu mimi Nangila, nyanya ya Lewis, na nimemwambia akiruka hata moja nitajua.

Lewis Sitati alizaliwa tarehe 14 Agosti 1988 hapa Nakuru, kwa nyumba za reli, mahali babu yake alikuwa fundi, nikamlea mimi tangu akiwa na miezi saba, na wale walisema nimezeeka siwezi kulea mtoto, hao wako hapo kwa tenti ya kijani, wananisikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1995, akamaliza Form Four 2006, akaenda chuo kikuu kusomea kompyuta akamaliza Desemba 2011.

Februari 2012 aliandikwa na kampuni ndogo ya programu hapa town, ya Jamleck, na Jamleck ndio huyo ameketi safu ya pili. Walikuwa wanaandika programu ya kuchunga mashine za kuangua mayai, na ndani ya programu kila mashine iko na mchungaji wake, wao wanaita thread, yaani uzi. Lewis alinieleza nikichambua mboga, kwamba katika ile lugha yao ya kompyuta uzi ikipata shida inakufa kimya, zingine zinaendelea, na skrini inasema kila kitu iko sawa, ni kama watoto sita wameenda kisimani, mmoja ameanguka ndani, watano wanarudi wakiimba. Kwa hivyo akaongeza maandishi yake, uzi ikikufa ijitangaze kwa rangi nyekundu, iseme ni gani na imefia wapi. Aliniambia mimi nyanya yake, "Kukhu, kupiga kelele iwe ndio kawaida, mwenye anataka kimya ndio aombe."

Alifunga ndoa kanisani na Mugure wa Kabazi tarehe 9 Aprili 2016, na mnaojijua mlisema huyo msichana hatakaa, nyinyi semeni ni nani amemuosha Lewis hii miezi tano ya ugonjwa. Walipata mtoto mmoja, Shantel, tarehe 2 Juni 2017.

Sasa msikize vizuri. Ijumaa tarehe 8 Machi 2019 Jamleck alitarajia wageni wa kununua programu, akasema hiyo nyekundu inatisha wateja, akaifuta na mkono wake, wageni wakaenda na hakurudisha. Kesho yake uzi ya mashine ya nne ikakufa kule Kabazi, kwa kikundi cha wafugaji chenye mwenyekiti ni baba mkwe wa Lewis, skrini ikasema sawa, joto ikapanda, na Jumatatu wakafungua wakapata mayai elfu sita yameiva ndani ya ganda. Tarehe 29 mwezi huo Jamleck akaenda Kabazi akawasomea wafugaji barua kwamba Lewis alikuwa mlevi, amelala kazini, na amefutwa. Lewis, mwenye hajawahi onja pombe. Miaka sita hakukanyaga kwa wakwe zake, na Shantel akienda kule watoto wanamwita mtoto wa mpika vifaranga.

Lewis alirudi nyumbani akaanza kuandikia wale watu wa ng'ambo wanaotunza hiyo lugha, akiwaomba hiyo kelele iwekwe ndani ya lugha yenyewe, wengine wakimwambia atasumbua programu za zamani, akawajibu miaka tatu bila kutukana mtu, hiyo hakutoa kwangu, na Novemba 2022 wakakubali, siku hizi uzi ikikufa inajitangaza yenyewe, kwa kila mtu, bila kuombwa.

Januari 2025 chakula ikaanza kumkwama kooni, madaktari wakasema ni saratani, akatibiwa mpaka Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akatuacha, Mugure amemshika mkono.

Tunashukuru madaktari na manesi, majirani wamepika wiki nzima, na Chelangat mwenye alifanya kazi na Lewis, ambaye juzi alituletea rekodi ya kompyuta, kwa sababu kompyuta inaandika nani amefuta nini na saa ngapi, na hapo imeandikwa Jamleck, Ijumaa, saa tano asubuhi. Baba mkwe ameiona na macho yake.

Jamleck ameleta shada imeandikwa mfanyakazi wetu mpendwa, na ameomba mwenyekiti wa mazishi dakika tano aongee. Mimi ndio nimesema apewe. Kwetu neno la marehemu linamalizwa kabla ya mchanga kumwagwa kaburini, ukilitoa baadaye unaita laana, kwa hivyo Natalie ako na ile barua ya tarehe 29, atampatia, aisome tena mbele ya watu wa Kabazi, halafu aseme ni nani alifuta. Akikataa, lango ni ile pale, apite katikati yenu na shada yake, mumtazame mpaka afike barabarani. Pasta asiangalie saa. Hakuna mtu atashika kamba ya sanduku mpaka Jamleck asimame.

Lewis, mtoto wangu, wewe pumzika kwa amani. Mimi bado.

Jamleck, simama.