Masale Kuuzunguka Mringaringa

Tarehe 31 Desemba 1956 Mzee Philemoni Kaaya, mtunza bustani wa chuo chetu cha ualimu, atastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Alipoajiriwa, ua wetu ulikuwa vumbi tupu na mti mmoja, mringaringa uliokuwapo kabla Wajerumani hawajajenga kuta hizi. Leo kuna mawaridi, mijakaranda, na walimu wengi kupita kiasi wanaojifanya kusahihisha madaftari kivulini.

Mzee hana mchezo na bustani yake. Mwalimu aliyekanyaga nyasi alikabidhiwa ndoo ya kumwagilia, awe na tai au asiwe nayo. Nimeibeba mara tatu.

Lakini deni letu kubwa kwake ni la mwaka 1949. Mkuu wa Chuo wa wakati ule, Mwingereza aliyekuwa mgeni kwetu, aliamua mringaringa ukatwe upatikane uwanja wa tenisi. Mzee aliomba mara mbili usikatwe, akakataliwa mara mbili. Jumamosi akapanda masale kuuzunguka mti, kama sisi Wameru tunavyopanda mpakani mwa shamba. Jumatatu vibarua walifika na mashoka, wakayaona masale, wakaketi chini. Nani ang'oe isale la mwenzake? Mkuu alifoka hadi saa ya chai, wala shoka halikuinuliwa.

Mchana Mzee alikwenda ofisini kuomba radhi kwa ukaidi wake, akampa Mkuu jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, ukilipokea umesamehe, na neno limekwisha. Mkuu hakujua. Alidhani kaletewa pambo, akashukuru, akalitia kwenye glasi ya maji mezani. Vibarua waliokuwa wakichungulia dirishani walibeba mashoka yao wakarudi nyumbani. Karani alipomweleza maana yake, Mkuu alicheka sana, na uwanja ukajengwa nyuma ya mabweni.

Kuna jambo Mzee mwenyewe halijui. Ramani ya uwanja ule, iliyopita juu ya mti, niliichora mimi, tena wazo lilikuwa langu. Miaka saba nimekaa kivulini pale nikinyamaza, na nimeona haya.

Asante, Mzee wetu, kwa kivuli ambacho wengine hatukukistahili. Nenda ukapumzike na Mama Ndeshi, kahawa yenu izae, mgongo usiwasumbue. Siku ya sherehe utakuta jani la isale lenye fundo juu ya kiti chako. Limetoka kwangu. Tafadhali, usiliache pale kitini.

Mwalimu Gidion