Yule Aliyekuwa Nyuma

Kwenye Coaster ya Handeni, kijana aliyeketi pembeni ya Bibi Hamisa alikufa tena ndani ya mchezo wa vita kwenye simu yake, bila hata kuguna.

"Umekufaje, mjukuu wangu, na ulikuwa unampiga vizuri?"

"Nilimloki yule adui mkubwa, bibi, shabaha ikamganda. Ukishamloki, kamera inamkazia yeye tu. Wa nyuma huwaoni."

"Basi usimloki."

"Nisipomloki nitapiga hewa, bibi."

Miaka yote Hamisa alimkazia macho mwanawe Ukasha, mlevi. Mwanawe mwingine, Sabiri, mpole, kila akiulizwa alisema hajambo. Na leo anakwenda kumsomea Sabiri hitma.

"Hakuna pa kubonyeza ugeuke?"

"Papo, bibi. Huwa nasahau."

Gari likasimama Old Korogwe. Ukasha alikuwa pale, mzima, akinyoosha mikono kumpokea mama yake kapu la mchele.