Umekuja na Nani?

Fundi saa alikaa dirishani mwa basi, mkono tumboni. Mama wa kiti cha pembeni, asiyemjua hata kwa sura, akamuuliza kinachomsumbua.

"Kidonda, dada. Kiko pale utumbo unapoanzia. Nikila kinanyamaza, nikikaa na njaa kinanitafuna."

"Si wakupe dawa?"

"Wanataka kwanza wapitishe mpira wenye kamera mdomoni, wakione. Leo wamenirudisha. Wanakuchoma sindano ya usingizi, kwa hiyo lazima uje na mtu wa kukufikisha nyumbani. Nesi akaniuliza, 'Baba, umekuja na nani?' Nikamjibu, 'Na basi.'"

Mama alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Fundi naye akacheka. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyewahi kucheka kwa neno lake.

"Lakini na wewe! Hata jirani huna?"

"Ninao. Nazijua saa zao, wenyewe siwajui."

"Basi chukua yeyote, useme ni ndugu yako."

"Nidanganye hospitali?"

"Ufe na ukweli wako, kaka?"

Fundi akamgeukia. "Ijumaa nikirudi," alianza, "wewe huwa…"

Basi likasimama. Mama alikuwa ameshainuka na mkoba wake. "Ugua pole, kaka. Usikae na njaa," akasema, akashuka.

Fundi akabaki na basi.