Bwana Alinipa Majina ya Yaliyomo Moyoni Mwangu

Jina la Bwana lisifiwe asubuhi hii, ndugu zangu! Naitwa Evelina, binti Yohana, wa kule Kibondo. Kama siwatazami usoni, msidhani nawadharau. Macho ya watu yananichosha, ila masikio yangu yako hapa na moyo wangu uko hapa. Nimesimama kusema Bwana alivyonitoa mahali ambapo hata mama yangu alikuwa amekata tamaa.

Nikiwa mtoto nilichelewa kusema. Nilipoanza, nilisema maneno yaleyale kutwa nzima. Nilipenda kupanga maharage chini kwa rangi zake, na mtu akiyavuruga nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini kwetu mlimani nyumba zilikuwa zimeachana. Nilikuwa na migomba yangu, njia yangu ya kisimani, jiwe langu la kukalia. Watu walisema, "Yule wa Yohana ndivyo alivyo," wakapita zao.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, kule chini barabarani. Lori likaja, likapakia vyungu, mbuzi na sisi wenyewe. Ndugu zangu, wengine wenu mlihama pia, mnajua ilivyokuwa. Kwangu ilikuwa kama dunia imepinduliwa! Nyumba zilipangwa mstari, mlango kwa mlango. Watoto wanalia huku, watu wanatwanga kule. Na pale katikati walining'iniza rimu ya gari, ikigongwa kwa chuma kila mkutano ulipoitwa. Sauti ile iliniingia kichwani kama msumari. Nilikimbia bila kuona njia. Nilijiuma mikono, na alama zake ninazo hadi leo.

Watu wakasema nina pepo. Wakaja kuniombea kwa upendo, siwalaumu, lakini walinishika wote kwa pamoja na kupaza sauti, nami nikazidi kupiga kelele. Sikujua kilichokuwa ndani yangu. Kilikuja tu, kikanichukua.

Siku moja rimu iligongwa mama akiwa anapika na jirani. Nikakimbia, nikapiga teke chungu cha maharage yaliyokuwa yakitokota. Kilimwagika karibu kabisa na mtoto wa jirani. Bwana alimlinda, hakuungua. Lakini balozi wa nyumba zetu kumi akamwambia baba, "Yohana, huyu binti ataua mtu. Mfungie ndani." Baba akanifunga kamba kwenye nguzo ya jikoni. Nilimwona akifuta uso kwa mkono wa shati. Wakati ule sikujua kwa nini mtu anafuta uso.

Hapo ndipo Bwana alipomleta shangazi yangu Melania, dada yake baba, kutoka Nyakitonto. Alikuja kutusalimia tu, na alipoingia jikoni akanikuta pale nguzoni.

"Kaka, mfungue," akasema.

"Nikimfungua atakimbia."

"Akikimbia, nitakimbia naye."

"Dada, wewe hujui ..."

"Najua. Umemsahau kaka yetu Lazaro? Alikuwa hivihivi. Tulimfunga, tukampiga, mwisho akaingia porini hakurudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza kitu gani kinamsumbua. Huyu nitamwuliza."

Shangazi akafungua kamba mwenyewe. Hakunigusa zaidi ya hapo. Akakaa mbali kidogo akasema polepole, kwa Kiha chetu, "Hora, mwana wanje, hora." Ni kusema nyamaza, mwanangu. Nami sikukimbia.

Akanichukua Nyakitonto. Kazi yetu ilikuwa kulima maharage, na tukiwa shambani alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alianza kwa kujisema yeye mwenyewe. "Leo nina hasira, Evelina. Mbuzi amekula mboga zangu. Hasira yangu iko hapa shingoni, imekaza kama kamba." Siku nyingine: "Leo nina huzuni. Iko kifuani, nzito kama mtungi." Kisha akaniuliza, "Na yako, iko wapi?"

Sikujibu. Palizi ya kwanza ikapita, tukavuna, nami sikujibu. Hakuchoka kuuliza! Mpaka siku mbwa wa jirani alipobweka ghafla, nikasikia kinywa changu kikisema, "Vidoleni. Baridi."

Shangazi akaweka jembe chini. "Asante Yesu! Hiyo ni hofu, mwanangu. Imeanzia vidoleni. Haijafika kichwani bado, tunayo nafasi."

Ndugu zangu, sikujua kwamba kinaanzia mahali fulani mwilini! Nilidhani kinaniangukia kutoka juu. Kumbe kwanza vidole hupoa, kisha masikio hupata moto, ndipo kelele zinakuja. Tukajifunza kuondoka vidole vikiwa bado baridi. Shangazi alininunulia kanga kwa mwenye duka mmoja Kasulu mjini, nikawa najifunga kifuani, nikikaza sana, na mwili unatulia. Tukapatana pia kwamba nikishika sikio, maana yake natoka nje, na mtu asinifuate. Nikitoka nasema, "Bwana, ni hofu tu, najishikiza kwako." Kisha narudi. Kurudi ndiko shangazi alikokusifu zaidi kuliko kutoka.

Si kwamba sikupiga kelele tena. Nilipiga. Shangazi alingoja zipite, kisha akaniuliza palepale, iko wapi.

Basi tukarudi nyumbani Kibondo kuwaona wazazi. Tulipofika tu mlangoni, rimu ikagongwa! Majirani wote wakageuka kunitazama. Mama mmoja akamnyakua mtoto wake. Vidole vikapoa. Nikashika sikio, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaza kanga, nikaomba. Kisha nikarudi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikasimama mbele ya mama.

"Shikamoo mama. Nilikuwa na hofu. Sasa imepungua."

Machozi yakamtoka mama. Nikamwuliza, "Mama, una huzuni? Iko wapi?"

"Hapana, mwanangu," akasema akicheka huku analia. "Sina huzuni kabisa."

Ndipo mwili wangu ukaanza tena. Moyo ukakimbia, mikono ikarukaruka, miguu haitulii. Nikamwita shangazi, "Imerudi! Moyo unakimbia!"

Akanitazama. "Vidole ni baridi?"

"Hapana. Vina joto."

"Unataka kukimbia?"

Nikafikiri. "Hapana. Nataka kubaki hapa hapa."

Shangazi akapiga makofi, kisha akakumbuka masikio yangu, akanyamazisha mikono. "Evelina, hiyo si hofu. Hiyo ndiyo furaha!"

Haleluya! Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na siku ile ndipo nilipoijua furaha kwa jina lake.

Namshukuru Bwana. Hakunifanya mtu mwingine. Mimi ni Evelina yuleyule, na maharage bado nayapanga. Namshukuru kwa ajili ya shangazi Melania, yule pale karibu na dirisha. Na kama kuna mzazi hapa ambaye amemfungia mwanawe ndani, nakuomba, mtumaini Bwana, kamfungue leo. Kisha njoo naye kwetu. Tutakaa naye mbali kidogo, tutamwuliza, na tutangoja mpaka ajibu.